Maswali ya Wasomaji kuhusu Tarakilishi: Faili Inapobofywa na Programu Isiitikie

SWALI: Kwako mhariri. Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Njoro, Kaunti ya Nakuru. Kwa kuwa nilijifunza kidogo lugha ya C#, niliandika programu ya kuweka hesabu ya maziwa yanayopokelewa kila asubuhi, nikaiita Daftari la Maziwa. Kila mwezi programu huhifadhi faili moja ambayo jina lake linaishia kwa .mazi, kwa mfano "Maziwa ya Machi.mazi", nami humpelekea mweka hazina faili hiyo kwa flashi. Yeye hataki kufungua programu kwanza kisha aanze kutafuta faili ndani yake. Anataka aibofye mara mbili ifunguke, kama zinavyofunguka faili za Excel. Kwenye tarakilishi yangu Windows iliniuliza itumie programu gani, nikaichagua yangu na kuagiza iwe hivyo siku zote. Sasa programu hufunguka, lakini ikiwa tupu. Kwenye tarakilishi ya mweka hazina, ambako niliinakili programu hiyo pia, Windows bado inauliza, na faili ina ikoni nyeupe isiyo na kitu. Nimekosea wapi? — Karani, Njoro

JIBU: Msomaji wetu, una matatizo mawili yanayofanana kwa sura lakini yasiyohusiana, na ni afadhali tuyatenganishe kabla hujaanza kuligusa jambo lolote.

Tuanze na tarakilishi yako, ambako programu inafunguka ikiwa tupu. Hapo Windows haina kosa. Ilifika mlangoni na mzigo, ikabisha hodi, na programu yako haikutoka kuupokea. Unapobofya faili mara mbili, Windows haiifungui faili hiyo wala haisomi kilichomo. Inachofanya ni kuianzisha programu na kuikabidhi maandishi yanayosema faili iko wapi, kuanzia herufi ya diski hadi jina lenyewe. Kuyasoma maandishi hayo, kuifungua faili na kuonyesha yaliyomo ni kazi ya programu, na ni wewe unayepaswa kuiandikia. Ukitaka kulishuhudia jambo hili kwa macho yako, bofya faili ya .mazi, iache programu ikiwa wazi, kisha ufungue Task Manager na uende kwenye ukurasa wa maelezo ya kila programu. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa cha safu yoyote, uchague kuongeza safu, na utie alama kwenye ile ya mstari wa amri. Utaiona programu yako imeandikwa pale pamoja na njia yake, na mbele yake ipo njia kamili ya faili uliyobofya. Mzigo ulifika.

Dawa yake ni fupi. Kiolezo cha kawaida cha programu za Windows Forms huanza na Main, yaani sehemu ya msimbo inayoendeshwa kwanza, isiyopokea chochote, na ndiyo maana wengi hawajui kwamba kuna kitu kinacholetwa. Ibadilishe iwe hivi, huku ukiiacha mistari mingine iliyokuwapo mahali pake:

static void Main(string[] args)
{
    string faili = args.Length > 0 ? args[0] : null;
    Application.Run(new DirishaKuu(faili));
}

Dirisha kuu likipokea jina la faili, na liifungue. Likipokea utupu, na lianze kama lilivyokuwa likianza siku zote. Tahadhari moja ni hii: iwapo utatumia Environment.GetCommandLineArgs badala ya args, kumbuka kwamba kipengele cha kwanza huko ni jina la programu yenyewe na faili yako inakuja ya pili. Nimeona programu zikijaribu kwa bidii kujisoma zenyewe kana kwamba ni hesabu za mwezi kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo.

Lipo jambo jingine ambalo huwafika watu mara tu wanapovuka hatua hii. Programu inapoanzishwa kwa kubofya faili, folda inayohesabiwa kuwa ndiyo ya kazi kwa kawaida huwa ile yenye faili iliyobofywa, si ile yenye programu. Basi ikiwa msimbo wako unaifungua faili ya mipangilio kwa jina tupu, tuseme "mipangilio.txt", programu itaitafuta kwenye flashi ya mweka hazina na kuikosa, ingawa jana ulipoianzisha kutoka kwenye ikoni yake ilifanya kazi vizuri. Katika C# unganisha jina hilo na AppContext.BaseDirectory, ambayo huonyesha daima mahali programu ilipo.

Sasa twende kwa mweka hazina. Uhusiano kati ya .mazi na programu yako hauhifadhiwi ndani ya faili, wala hausafiri nayo kwenye flashi. Unaandikwa katika rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, ya kila tarakilishi, na kwa hiyo kunakili programu peke yake hakutoshi. Ulichokifanya kwako kwa kuchagua programu katika kile kidirisha kilichouliza ni uamuzi wa mtumiaji mmoja juu ya mashine moja, na haukubadilisha chochote kwingineko.

Rejista inahitaji maandishi manne, nami nitayaonyesha kama yanavyopaswa kuwa, kwa kuchukulia kwamba programu umeiweka katika folda ya C:\DaftariMaziwa. Yote yako chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes, na upande wa kulia wa kila mstari ni thamani ya chaguo-msingi ya ufunguo huo, ufunguo ukiwa ni kama folda ndani ya rejista:

.mazi  =  DaftariMaziwa.Rekodi.1
DaftariMaziwa.Rekodi.1  =  Rekodi ya Maziwa
DaftariMaziwa.Rekodi.1\DefaultIcon  =  C:\DaftariMaziwa\Daftari.exe,0
DaftariMaziwa.Rekodi.1\shell\open\command  =  "C:\DaftariMaziwa\Daftari.exe" "%1"

Mstari wa kwanza unasema tu kwamba kiendelezi .mazi, yaani zile herufi zinazokuja baada ya nukta, ni cha aina iitwayo DaftariMaziwa.Rekodi.1. Jina hilo la aina, ambalo Microsoft huliita ProgID, unalitunga mwenyewe, lakini lisizidi herufi 39, lisianze kwa tarakimu, na lisiwe na alama nyingine yoyote ila nukta. Utajiuliza kwa nini mzunguko huo wote badala ya kuandika amri moja kwa moja chini ya .mazi. Sababu ni kwamba viendelezi kadhaa vinaweza kuelekezwa kwenye aina moja, na pia programu mbili zinaweza kudai kiendelezi kimoja, kila moja ikiwa na aina yake, bila ya mmoja kuyafuta maandishi ya mwenziwe. Mstari wa pili ni maelezo ambayo mweka hazina atayaona katika safu ya aina ya faili. Wa tatu ndio utakaoiondoa ile ikoni nyeupe. Sufuri iliyo mwishoni humaanisha ikoni ya kwanza iliyomo ndani ya programu.

Mstari wa nne ndio wenye lawama nyingi. Alama ya %1 ni mahali ambapo Windows itaweka njia ya faili, na ni lazima uizungushie alama za mtajo kama nilivyofanya. Ukiziacha, faili iitwayo "Machi.mazi" itafunguka bila shida na utadhani umemaliza, lakini "Maziwa ya Machi.mazi" itaifikia programu ikiwa vipande vitatu: E:\Maziwa, kisha ya, kisha Machi.mazi. Programu itachukua kipande cha kwanza na kulalamika kwamba faili haipo, na mweka hazina ataapa kwamba ipo, naye atakuwa anasema kweli. Sisi tunaoandika majina ya faili kwa Kiswahili tunalipata tatizo hili mapema, kwa kuwa viunganishi vyetu husimama peke yake kati ya nafasi mbili.

Huenda umesoma mahali kwamba maandishi haya huwekwa katika HKEY_CLASSES_ROOT. Tangu Windows 2000, tawi hilo ni picha iliyounganishwa kutoka mahali pawili: Software\Classes ya HKEY_LOCAL_MACHINE, ambayo ni ya watumiaji wote wa mashine, na Software\Classes ya HKEY_CURRENT_USER, ambayo ni ya mtumiaji mmoja na ndiyo yenye nguvu pale yanapotofautiana. Kuandika katika ile ya kwanza kunahitaji mamlaka ya msimamizi wa mashine. Kuandika katika ya pili hakuhitaji. Kwa ofisi ya ushirika ambako yule fundi mwenye nenosiri la msimamizi hupatikana kwa kupigiwa simu mara kadhaa, ningechagua ya pili bila kusita.

Baada ya kuandika, waambie Windows kwamba mambo yamebadilika, kwa kuita SHChangeNotify iliyomo katika shell32.dll na kuipa SHCNE_ASSOCCHANGED, ambayo thamani yake ni 0x08000000. Usipoiita, ikoni ya zamani inaweza kuendelea kuonekana hadi mtumiaji atoke kwenye akaunti na kuingia tena, nawe utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa ambalo halipo.

Sikushauri, hata hivyo, uyaandike haya yote kwa mkono kwenye kila mashine. Tengeneza kifurushi cha usakinishaji. Inno Setup hutumika bure, imekuwapo tangu 1997, na kazi hii inaijua: unaweka ChangesAssociations=yes katika sehemu ya Setup, nayo itatoa lile tangazo la mabadiliko kwa niaba yako usakinishaji unapoisha, kisha unaorodhesha mistari minne ya hapo juu katika sehemu ya Registry. Ukitumia HKA kama mzizi, toleo la 6 na yaliyofuata yatachagua yenyewe kati ya tawi la mashine na la mtumiaji, kulingana na jinsi usakinishaji ulivyoanzishwa. Faida nyingine ni kwamba programu itakaa mahali pamoja pasipobadilika. Nashuku kwamba kwa mweka hazina uliinakili kwenye eneokazi au ukaiacha kwenye flashi. Rejista hukumbuka njia kamili, na flashi iliyokuwa E leo inaweza kuwa F kesho.

Kuhusu kuiondoa programu, futa ufunguo wa aina yako pamoja na vyote vilivyo chini yake, lakini thamani iliyo chini ya .mazi iache ilivyo. Huo ni ushauri wa Microsoft wenyewe, na una mantiki: huenda tangu hapo programu nyingine imekidai kiendelezi hicho, na Windows huipuuza thamani inayotaja aina isiyokuwapo tena.

Sasa jihadhari utakapojaribu kazi yako. Kwenye mashine yako uliagiza kwamba programu ile itumike siku zote, na uamuzi huo umehifadhiwa mahali pengine, katika ufunguo uitwao UserChoice, ambao huyashinda maandishi yako manne. Kwa hiyo unaweza kubadilisha aina, ikoni na amri upendavyo na usione tofauti yoyote. Tangu Windows 8 ufunguo huo hulindwa kwa alama ya uthibitisho ambayo hukokotolewa na mfumo wenyewe, ili programu zisiweze kujifanya kuwa ndizo chaguo la mtumiaji. Zipo hila za kuizunguka alama hiyo, nami sitazieleza hapa, kwa kuwa naona Windows wana haki kabisa: mwenye tarakilishi ndiye aamuaye. Kwa kiendelezi kipya ambacho hakuna mwingine anayekidai, usajili wa kawaida unatosha na mtumiaji haulizwi neno. Wewe tengeneza akaunti mpya kwenye mashine yako, isakinishe programu humo, na ujaribu pale ambapo hakuna uamuzi wa zamani.

Nimalizie na jina la kiendelezi. .mazi ni jina zuri, kwa kuwa halifanani na yale yaliyokwisha kutwaliwa. Mtu asidai .dat, .csv au .doc kwa programu yake, hata kama ndani kuna kitu kama hicho. Wala hulazimiki kubaki na herufi chache. Kikomo cha herufi tatu kilikuwa cha enzi za MS-DOS, na tangu Windows 95 unaweza kuandika hata .daftarimaziwa. Ila kiendelezi ni lebo tu, na yeyote anaweza kuibandua na kubandika nyingine. Faili ya PDF huanza kwa %PDF, ya ZIP kwa PK. Nawe fanya vivyo hivyo: baiti za kwanza za faili yako ziwe MAZI, zifuatwe na nambari ya toleo, na programu izikague kabla ya kusoma lolote. Flashi zinazozunguka baina ya ofisi na saiba hubeba mengi, na kwa kuwa Windows huficha viendelezi isipoagizwa vinginevyo, faili iitwayo "Machi.mazi.exe" huonekana kama "Machi.mazi" halisi. Mwonyeshe mweka hazina jinsi ya kuviweka wazi.

SWALI: Mhariri, nina programu ya kutoa risiti na kuhesabu bidhaa katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele, Kisumu. Faili zake zinafunguka vyema kwa kubofya, lakini kila ninapobofya faili nyingine, programu nzima hufunguka upya. Juzi madirisha mawili yalikuwa na orodha ileile ya bidhaa, na lililofungwa mwisho likafuta mauzo yaliyoingizwa kwenye lingine. — Mwenye duka, Kisumu

JIBU: Usajili wako hauna kasoro, hivyo ndivyo amri yenye "%1" inavyofanya kazi. Kila kubofya ni kuanzishwa upya, na hata ukichagua faili tano kwa pamoja na kuzifungua, programu itaanzishwa mara tano. Kuzuia hilo ni juu ya programu.

Utaratibu unaotumika ni huu. Inapoanza, programu hujaribu kushika kufuli yenye jina maalumu, ambayo katika .NET ni Mutex. Ikiipata, yenyewe ndiyo ya kwanza, na inaendelea kama kawaida huku ikisikiliza kwenye paipu yenye jina, yaani njia ya kupitishia ujumbe kati ya programu. Ikikuta kufuli imeshikwa, inajua kwamba kuna ndugu yake aliyetangulia. Basi inatuma njia ya faili kupitia paipu ile na kujifunga kimyakimya kabla haijaonyesha dirisha lolote, na ile ya kwanza inalileta dirisha lake mbele na kuifungua faili iliyotajwa. Kama programu umeiandika kwa Visual Basic, kuna kisanduku cha kutia alama katika mipangilio ya mradi kinachoyafanya haya yote, na faili mpya zitakufikia kupitia tukio liitwalo StartupNextInstance. Anayetumia C# anaweza kuliazima darasa hilohilo, WindowsFormsApplicationBase, kutoka Microsoft.VisualBasic.ApplicationServices, wala hakuna aibu katika kuazima.

Lakini hata baada ya hapo usiridhike. Duka likiwa na tarakilishi mbili zinazofungua faili moja kupitia mtandao wa ndani, kufuli ya Mutex haitakusaidia, kwa maana haivuki mashine. Fungua faili yenyewe kwa FileShare.Read, yaani wengine waruhusiwe kuisoma ila wasiandike, na uiache wazi muda wote dirisha liko kazini. Wa pili atakayetaka kuandika atakataliwa na mfumo, nawe umwandalie ujumbe unaoeleweka badala ya ule mkeka wa maneno ya makosa.

SWALI: Nasimamia maabara ya tarakilishi katika shule moja karibu na Kakamega, na mashine zetu zote zinatumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Wanafunzi wa klabu wameandika programu ya mazoezi ya msamiati yenye faili za .msamiati. Je, rejista ya Linux iko wapi? — Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, rejista haipo, kazi hiyo imegawanywa kwa faili mbili za maandishi ya kawaida, na wanafunzi wako wataielewa kwa urahisi kuliko wenzao wa Windows.

Faili ya kwanza ni ya XML, nayo huwekwa katika ~/.local/share/mime/packages. Humo mnaitaja aina mpya, tuseme application/x-msamiati, pamoja na kigezo cha jina, *.msamiati, kisha mnaendesha update-mime-database ~/.local/share/mime. Ya pili huishia kwa .desktop, tuseme msamiati.desktop, na hukaa katika ~/.local/share/applications. Ndani yake mstari wa MimeType unaitaja aina ileile, ukifungwa kwa nukta-mkato, na mstari wa Exec una jina la programu likifuatwa na %f. Hapa sheria inageuka: %f haiwekwi ndani ya alama za mtajo, kwa sababu mfumo wenyewe hulinda nafasi zilizomo katika jina la faili. Kama programu inaweza kupokea faili nyingi kwa mkupuo, andikeni %F yenye herufi kubwa, na zote zitaletwa kwa mwito mmoja. Halafu endesheni update-desktop-database ~/.local/share/applications, na mwisho xdg-mime default msamiati.desktop application/x-msamiati.

Njia hizo ni za akaunti moja. Kwa maabara nzima, tumieni /usr/share badala ya ~/.local/share, mkiwa na ruhusa ya msimamizi. Ile amri ya mwisho ya xdg-mime, hata hivyo, huandika chaguo la akaunti inayoiendesha. Kwa aina ambayo hakuna programu nyingine inayoidai, wanafunzi wengine hawaihitaji, kwani ule mstari wa MimeType unatosha.

Ikiwa faili haifunguki, msiihangaikie ile ya .desktop kwanza. Endesheni xdg-mime query filetype mkiipa jina la faili moja ya .msamiati: ikijibu text/plain au application/octet-stream, hitilafu imo katika XML au mlisahau kuisasisha hifadhidata ya aina; ikijibu application/x-msamiati, angalieni mstari wa Exec.